Kutoka Duarani hadi Kwenye Darubini: Saratani za Njia ya Chakula Zilivyosomwa Kanda ya Ziwa

Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, walichapisha hesabu ya wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo. Wanaume walikuwa karibu mara tatu ya wanawake, na umri wa kati ulikuwa miaka 52. Namba iliyouma kuliko zote ni hii: asilimia 92.1 walifika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, saratani imekwishaingia kwenye tezi za jirani au imesambaa hadi viungo vya mbali kama ini.

Makala hiyo ilibeba majina ya Joseph Mabula, Mabula Mchembe, Mheta Koy, Phillipo Chalya na wenzao. Mwaka uliofuata baadhi yao walirudi na makala nyingine mbili, moja juu ya wagonjwa 328 wa saratani ya umio walioonekana Bugando na Muhimbili, nyingine juu ya wagonjwa 332 wa saratani ya utumbo mpana. Ukiziweka tatu hizo mezani pamoja, umeipata njia ya chakula kuanzia kooni hadi tundu la haja kubwa. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoitazama Mwanza, ndiyo inayopokea rufaa za Shinyanga na Geita, kwa hiyo hesabu hizo zinawagusa moja kwa moja watu wa Kishapu, Kahama, Katoro na Nyarugusu.

Zilipatikanaje? Hapakuwa na mashine ya ajabu. Utafiti wa aina hii hufanywa kwa kurudi nyuma: majalada ya wagonjwa yanatolewa masijala, yanalinganishwa na daftari la chumba cha upasuaji, kisha na daftari la maabara ya patholojia. Jalada ambalo karatasi zake zimepotea linawekwa kando. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake haukuthibitishwa kwa darubini naye anawekwa kando. Kinachobaki ndicho kinachohesabiwa.

Hapo ndipo penye nguvu na udhaifu wa kazi yote. Nguvu ni kwamba kila mmoja wa wale 232 ana kinyama chake kilichokatwa, kikapakwa rangi na kusomwa na mwanapatholojia. Udhaifu ni kwamba hesabu inawajua waliofika tu. Mchimbaji wa Rwamagasa aliyekunywa dawa za vidonda vya tumbo kutoka duka la dawa kwa mwaka mzima, akakonda, akarudishwa kwao kufia nyumbani, hayumo. Mama wa Bukombe aliyeshindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha maji, akapelekwa kwa mganga, naye hayumo.

Kwa sababu hiyo namba za hospitali haziwezi kutuambia ni watu wangapi kati ya laki moja wanaougua saratani ya tumbo Geita. Ili kujua hilo unahitaji kigawanyo, na kigawanyo kipo: sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,977,608 mkoani Geita na 2,241,299 mkoani Shinyanga. Kinachokosekana ni idadi kamili ya wagonjwa wa kuwekwa juu ya kigawanyo hicho. Kazi hiyo ni ya daftari la saratani la eneo zima, linalofuata kila mkazi popote alipopimwa, na daftari la hospitali moja haliwezi kuifanya peke yake.

Mtego mwingine ni umri. Wagonjwa wa utumbo mpana katika makala ya 2013 walikuwa na umri wa kati wa miaka 46, na msomaji mwepesi atasema huku kwetu saratani inakula vijana. Huenda ni kweli, huenda siyo. Nchi ambayo wakazi wake wengi ni watoto na vijana itakuwa na wagonjwa vijana wengi wa karibu kila ugonjwa, hata kama hatari yenyewe inaongezeka na umri kama kwingineko duniani. Ushahidi mzito zaidi juu ya vijana ulitoka Hospitali ya Tenwek, Bomet, upande wa Kenya. Mwaka 2010 madaktari wa huko waliripoti kwamba kati ya wagonjwa 1,798 wa saratani ya umio, 109 walikuwa na miaka 30 au chini yake, na mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14. Saratani ya umio kwa mtoto wa miaka 14 ni jambo ambalo daktari wa Ulaya anaweza kustaafu bila kuliona.

Sasa kile kinyama. Daktari anashusha mpira wenye kamera kupitia mdomoni, anaona kidonda chenye kingo zilizoinuka, anakidokoa kwa koleo dogo mara kadhaa, maana kipande kimoja kinaweza kuangukia kwenye nyama iliyokufa kisiseme kitu. Vipande vinatumbukizwa kwenye fomalini ya asilimia 10, na kanuni ya maabara inataka fomalini iwe nyingi mara kumi ya ukubwa wa nyama. Ikiwa kidogo, nyama inaoza katikati. Ikiwekwa kwenye maji ya drip kwa kukosa fomalini, kosa linalofanyika zaidi ya inavyosemwa, inaharibika kabla ya kufika. Maabara inakausha maji ya nyama, inaizamisha kwenye nta, inaikata vipande vyembamba kuliko unywele na kuipaka rangi mbili, zambarau na waridi. Hapo ndipo mwanapatholojia anainama kwenye darubini.

Hatua zote hizo zinaweza kwenda sawa na mgonjwa akapotea vilevile, kwa sababu ya barabara. Kwa miaka mingi chupa ya fomalini kutoka Geita ilisubiri kivuko cha Kigongo–Busisi pamoja na malori na mabasi. Daraja lenye urefu wa takriban kilomita 3 lililofunguliwa hapo Juni 2025 limeondoa foleni hiyo, na yeyote anayehesabu faida za daraja kwa samaki na dhahabu aongeze na chupa za fomalini.

Aliyeielewa mapema siasa ya chupa hizo alikuwa Michael Hutt, profesa wa patholojia Makerere miaka ya 1960. Hutt aliona kwamba akisubiri wagonjwa wafike hospitali ya Mulago atajua magonjwa ya Kampala tu. Akaweka huduma ya bure: hospitali yoyote ya Uganda, ya serikali au ya misheni, ingeweza kutuma kinyama kwa posta na kurudishiwa majibu. Daktari wa kijijini alipata jibu la mgonjwa wake bila gharama. Hutt alipata ramani. Ni biashara ya haki kuliko nyingi zilizofanywa na watafiti barani, na mwaka 1965 yeye na Denis Burkitt walichapisha kwenye jarida la madaktari wa Uingereza makala juu ya mtawanyiko wa saratani Afrika Mashariki uliojengwa juu ya mtandao wa namna hiyo.

Burkitt wengi wanamjua kwa uvimbe wa taya za watoto unaobeba jina lake. Huyu ndiye daktari wa upasuaji, mwenye jicho moja tangu utotoni, aliyeondoka Kampala Oktoba 1961 na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya gari kuukuu, wakazunguka takriban kilomita 16,000 kwa wiki kumi wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe ule unaonekana hapo. Ramani iliyotoka ilifuata joto na mvua. Lakini nusu ya pili ya kazi yake, ambayo huku husemwa kidogo, ilikuwa ya tumbo na utumbo.

Alitumia mbinu ileile. Baada ya kurudi Uingereza mwaka 1966 aliendelea kuziandikia hospitali za misheni za Afrika kila mwezi, akiuliza maswali machache: mmeona saratani ya utumbo mpana wangapi, ya umio wangapi, kidole tumbo wangapi. Majibu yakajirudia. Saratani ya umio ilijaa sehemu fulani na kukosekana sehemu nyingine zisizo mbali, na saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu karibu kila mahali watu wanapokula nafaka isiyokobolewa.

Adimu kwa nini? Mwaka 1972 Burkitt na wenzake Alec Walker na Neil Painter walitoa kipimo ambacho hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kukielewa. Walimezesha watu vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, wakakusanya kinyesi kwenye mifuko, wakakipiga picha kuona vipande vimetoka baada ya saa ngapi, na kukipima uzito. Wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa saa takriban 36. Wanamaji wa Uingereza na wenzao walitoa gramu 104, na chakula kilikaa saa 83. Burkitt akasema nyuzinyuzi za chakula ndizo tofauti: kinachopita upesi na kwa wingi hakipati muda wa kuudhuru ukuta wa utumbo.

Nadharia hiyo ilikuwa sahihi kwa sehemu na nyepesi kwa sehemu. Waafrika wa vijijini walitofautiana na Waingereza kwa mambo mengi zaidi ya ugali, ikiwemo umri wa kuishi na uwezekano wa kupimwa kabisa. Hata hivyo mwaka 2015 jaribio dogo lilimpa Burkitt heshima yake baada ya kifo: Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili tu, na alama za hatari kwenye ukuta wa utumbo zikageuka kila upande. Sasa rudi kwenye wale wagonjwa 332 wa makala ya 2013. Ugonjwa ambao Burkitt aliuita adimu ulikwishapata foleni yake kwenye hospitali za Tanzania, na mtu anayeishi kwa chipsi, soda na nyama choma Katoro mjini yuko karibu zaidi na mwanamaji wa Uingereza kuliko na babu yake aliyekula udaga na mlenda.

Swali ambalo halikwepeki katika ukanda wa dhahabu ni zebaki. Kila mtu amewahi kumwona mchenjuaji akichoma kifungo cha dhahabu kwenye karai, moshi ukipanda usoni. Rwamagasa ilichunguzwa kwa kina mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa zebaki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi 6 zilizochaguliwa. Madhara ya zebaki kwa mishipa ya fahamu na figo hayana ubishi. Kuhusu saratani, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon lilitathmini mwaka 1993 na kuona ushahidi juu ya zebaki ya metali hautoshi kuiweka kwenye orodha ya visababishi. Aseniki, ambayo imepimwa kwenye baadhi ya maji ya ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, imo kwenye orodha ya juu kabisa, lakini kwa mapafu, ngozi na kibofu. Vumbi la mawe ya karasha nalo limo, kwa mapafu.

Kwa hiyo anayesema mgodi ndio unaoleta saratani ya umio au tumbo Geita anatangulia ushahidi. Na anayesema mgodi hauhusiki naye anatangulia, maana maisha ya duara, shimo la mchimbaji mdogo, yana mengine ndani yake: sigara, gongo, chakula cha haraka, usingizi mfupi, na kijana anayehamahama kutoka machimbo hadi machimbo asiyekuwa na jalada katika zahanati yoyote. Sigara na pombe hazihitaji utafiti mpya ili zishitakiwe.

Njia ya kulijibu swali la visababishi ipo na imekwishatumika Dar es Salaam. Elia Mmbaga wa Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili na wenzake, wakishirikiana na kundi la Katherine Van Loon, daktari wa saratani za njia ya chakula kutoka Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwachukua wagonjwa 471 wa saratani ya umio na watu wengine 471 wasio na ugonjwa huo, wakawauliza wote maswali yaleyale juu ya maisha yao. Matokeo yalichapishwa 2021, na miongoni mwa yaliyojitokeza ni sigara na moshi wa kuni jikoni. Ufundi wa utafiti wa namna hii uko kwa wale wa pili. Ukimuuliza mgonjwa peke yake atakumbuka kila kitu kibaya alichowahi kula, ilhali asiye mgonjwa ndiye anayekuonyesha ni kipi katika hivyo ni cha kila mtu. Geita inahitaji utafiti huohuo wenye swali moja la ziada: umefanya kazi duarani au kwenye uchenjuaji miaka mingapi?

Wakati mwingine hata kipimajoto kinatosha. Kilimanjaro, watafiti waliwapima watu 188 chai yao pale wanapopiga funda la kwanza, wakapata wastani wa nyuzi 70.6. Mwaka uliofuata, 2016, shirika lile la Lyon liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Kipimo hicho kinaweza kupitishwa Shinyanga pia, na gharama yake ni ndogo kuliko semina moja ya hotelini.

Tuje kwenye tiba. Mtu ambaye umio wake umeziba hafi kwa saratani kwanza, anakufa kwa njaa na kiu. Kumpasua ni operesheni kubwa inayomfaa mgonjwa wa mapema, na wa mapema ni wachache. Tenwek, chini ya daktari wa upasuaji Russell White, walichukua mrija wa wavu wa chuma unaojitanua wenyewe, stenti, wakajifunza kuuweka bila eksirei ya moja kwa moja. Kawaida hospitali kubwa hutumia eksirei kuona mrija unapofunguka. Tenwek walipima kwa sentimita zilizochorwa kwenye mpira wa kamera: uvimbe unaanzia wapi, unaishia wapi. Wakapitisha waya mwembamba katikati ya uvimbe, wakapanua njia kidogo, wakausukuma mrija juu ya waya, na kuufungua huku kamera ikitazama ncha yake ya juu.

Kati ya Januari 1999 na Agosti 2008 waliweka stenti 1,000 kwa wagonjwa 951. Ugumu wa kumeza ulipimwa kwa kipimo cha 0 hadi 4, ambapo 0 ni anayekula kila kitu na 4 ni asiyemeza hata mate. Wastani ulishuka kutoka 3.3 hadi 1.0. Kwa waliofuatiliwa hadi mwisho, nusu waliishi zaidi ya siku 250, wakila nyumbani mwao.

Namba hizi ndizo zinazoifanya mbinu ya Tenwek kuwa ya maana kuliko habari nyingi za mashine mpya. Kuondoa eksirei kwenye hatua za kazi kuliondoa chumba cha mabilioni, na hivyo hospitali ya mkoa yenye kamera na daktari aliyefunzwa inaweza kuifanya. Muungano wa watafiti wa umio wa Afrika, uliowakusanya Tenwek, Muhimbili, Van Loon na wengine, ulifuata njia hiyo na kupigania stenti za bei nafuu kwa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo.

Bugando ilijenga upande mwingine wa tiba. Daktari Nestory Masalu aliongoza idara ya saratani hapo kwa ushirikiano na taasisi za saratani za Romagna, Italia, na baadaye mionzi nayo ikaanza kutolewa. Kabla ya hapo mgonjwa wa Shinyanga aliyehitaji mionzi alitazama safari ya karibu kilomita 1,000 hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na nyumba ya kufikia kwa wiki kadhaa. Anayejua bei ya chumba cha kupanga Dar anajua kwa nini wengi waliishia kwenye barua ya rufaa.

Ukipanga vipande hivi pamoja unaona mnyororo ulipokatika. Dawa za saratani zipo Mwanza, visu vipo, mionzi ipo, barabara ya Geita imefunguka. Kilichobaki nyuma ni mwanzo wa safari: kamera na fomalini kwenye hospitali za wilaya na mikoa, na mhudumu wa zahanati anayethubutu kusema kwamba mzee wa miaka 50 mwenye maumivu ya tumbo, anayekonda na kutapika chakula cha jana, hatapewa chupa ya tatu ya dawa ya vidonda. Bakteria wa vidonda wanaishi kwenye matumbo ya watu wengi sana wa Afrika na wachache tu hupata saratani, kwa hiyo kipimo cha bakteria hao kikisema ndiyo hakijajibu swali la saratani kabisa. Kamera na kinyama ndivyo vinavyolijibu.

Kwa hiyo mwenye chakula kinachokwama kifuani kwa zaidi ya wiki mbili, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au anayekonda bila sababu, aende aombe kipimo cha kamera. Akishapimwa, aulize maswali matatu kabla ya kutoka: kinyama kimechukuliwa, kimepelekwa maabara gani, na majibu yatatoka lini. Karatasi ya majibu aiombe nakala, aiweke pamoja na kadi ya bima na kitambulisho cha taifa, na aende nayo kila hospitali atakayotumwa.